Kabla Hujaligawa Kundi, Hesabu Wanaojibu

Kundi la majadiliano mtandaoni likishashika kasi, lalamiko huja kwa sura moja. Mtu anarudi kwenye simu jioni, anakuta meseji 300 hajazisoma. Anapitisha kidole, haoni linalomhusu, anaandika: "Admini, kundi limejaa, ligaweni." Watu kadhaa wanaunga mkono. Kesho yake yanafunguliwa makundi manne. Mwezi ukipita, matatu yamenyamaza, la nne lina kelele zilezile, na wajuzi wawili watatu waliokuwa tegemeo la wote wameshaondoka bila kuaga.

Sisi tunaosimamia makundi ya aina hii tumeliona hilo likijirudia katika kila fani, na tunaandika ili wengine wasilipie somo hilohilo. Msimamo wetu ni huu: wingi wa meseji peke yake hautoshi kuwa sababu ya kugawa. Kundi linaishi kwa watu wachache wanaojibu, na ukiligawa, hao ndio wa kwanza kugawanyika. Kwa hiyo anza kwa kuwajua.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza kanuni ambayo wasimamizi wengi wanaijua: katika jumuiya kubwa za mtandaoni, watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya michango. Ni makadirio, na makundi madogo ya watu wanaofahamiana hufanya vizuri zaidi ya hapo. Lakini yatumie kama tahadhari. Kundi la watu 400 litakuwa na wabebaji 4, wachangiaji 36 na wasomaji 360. Ligawe mara nne sawasawa, kila kundi linabaki na mbebaji mmoja. Akiugua, akisafiri au akichoka, hapana wa kujibu. Na hali huwa mbaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu wabebaji wote wanne kwa kawaida wanapenda mada moja, na wote watakwenda upande mmoja.

Kupima kundi si kazi ya wiki nzima. WhatsApp ina chaguo la kutoa nakala ya mazungumzo bila picha na video. Unapata faili la maandishi ambalo kila meseji ina tarehe, saa na jina la mwandishi. Telegram ya kwenye kompyuta nayo inatoa nakala hiyo. Chukua wiki mbili za kawaida, zisiwe za msiba, uchaguzi wala sikukuu, maana siku hizo hupotosha picha. Faili hilo lina maneno ya watu walioandika wakiaminiana, kwa hiyo lisizunguke kwa wasimamizi kumi. Afanye mmoja au wawili, kisha lifutwe.

Tafuta mambo manne. La kwanza, waandishi tofauti ni wangapi kwa siku. La pili, sehemu gani ya meseji zote imetoka kwa watu kumi wa juu. Ikizidi nusu, una kundi dogo ndani ya kundi kubwa, na kuligawa kutawasumbua hao kumi bila kuwasaidia wengine. La tatu, maswali mangapi yalipita saa 24 bila jibu. La nne, kila swali lilisubiri jibu la kwanza kwa muda gani: panga muda huo kutoka mfupi hadi mrefu, uchukue ule wa katikati. Usichukue wastani, kwa sababu swali moja lililojibiwa baada ya siku tano huharibu wastani wa maswali thelathini.

Maswali yasiyojibiwa ndiyo yenye siri yote, na hapa tunashauri usiwe na haraka. Swali hukosa jibu kwa sababu mbili zinazofanana kwa nje. Ama lilifukiwa, ama hakuna anayejua. Fikiria kundi la wapiga picha. Saa 2 na dakika 10 usiku mtu anauliza kwa nini picha zake za ndani zina rangi ya njano. Wakati huohuo watu sita wanabishana kuhusu lenzi gani inafaa picha za harusi, na mwingine anauza kamera iliyotumika, wanamuuliza bei. Ndani ya dakika nane zimeshapita meseji 40. Anayejua habari za rangi anaingia saa 3, anaanza kusoma kutoka chini, anakutana na bei ya kamera, anafunga simu. Swali lilikuwa jepesi: taa za ndani zina rangi yake, na kamera ilihitaji kuambiwa hivyo kwenye mpangilio wa mwanga mweupe. Jibu lilikuwepo, mjuzi alikuwepo, ila hawakukutana.

Ili kujua una ugonjwa upi kati ya hiyo miwili, chukua maswali kumi yaliyokosa jibu, waombe wenyewe ruhusa, uyaulize upya moja moja saa ambazo kundi limetulia, tuseme asubuhi. Yakijibiwa saba au nane, tatizo ni kufukiwa, na kugawa kunaweza kusaidia. Yakijibiwa mawili, kundi lina upungufu wa wajuzi. Hapo kugawa ni kuongeza njaa kwenye nyumba yenye njaa. Nguvu zote zielekezwe kuwaleta na kuwatunza wanaojua.

Hata ikithibitika kwamba maswali yanafukiwa, bado kuna hatua za kujaribu zinazoweza kurudishwa nyuma bila mtu kuumia. Ondoa kwanza visivyo mazungumzo: matangazo ya biashara, meseji zilizosambazwa kutoka makundi mengine, picha za salamu za asubuhi. Matangazo yapewe siku moja ya wiki. Salamu zisipigwe marufuku kwa ukali. Kuna wazee wa kundi ambao salamu ndiyo sauti yao pekee, na ukiwafokea watanyamaza moja kwa moja. Waambie kwa faragha, kwa heshima. Weka kanuni kwamba anayejibu ajibu kwa kunukuu meseji ya swali, ili mnyororo uonekane. Bandika juu meseji moja yenye viungo vya majibu ya maswali yanayojirudia. Telegram ina kidhibiti mwendo ambacho humlazimu kila mtu kusubiri kabla ya kuandika tena, kuanzia sekunde chache hadi saa 1. Dakika 1 hupoza mabishano ya watu wawili, ila dakika 15 huua maswali ya kufuatilia, kwa hiyo iachie siku za fujo tu.

Ipo pia njia ya vyumba ndani ya nyumba moja, na wengi huiruka bila kuifikiria. Telegram tangu Novemba 2022 inaruhusu kundi kubwa kuwa na mada ndani yake, kila mada na mkondo wake. Discord, chombo kingine cha mazungumzo, imejengwa hivyo tangu mwanzo. WhatsApp nayo, kupitia jumuiya zake zilizoenea mwaka huohuo, inaweka makundi kadhaa chini ya paa moja. Tofauti yake na makundi yaliyotengana kabisa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Makundi yakiwa mbalimbali, tapeli uliyemtoa kwenye moja amebaki kwenye matatu mengine, na kila msimamizi anagundua kwa wakati wake. Ndani ya paa moja anatolewa mara moja. Mwanachama mpya anaingia mlango mmoja na kuona vyumba vyote. Chumba kisipopata watu, unakifunga na hakuna aliyepoteza kundi. Kama chombo chenu kinaruhusu vyumba, jaribuni hivyo kwa mwezi mmoja kabla ya kufikiria kutengana.

Kuna hali moja ambayo haisubiri vipimo: kundi limefika ukomo wa chombo. Kwa WhatsApp ukomo ulikuwa watu 256 tangu 2016, ukapanda hadi 512 na kisha 1,024 mwaka 2022. Wanaogonga ukomo huo mara nyingi hufungua "Kundi la 2" na kuwaelekeza wageni wote huko. Usifanye hivyo. Unatengeneza kundi la wanaouliza peke yao, huku wanaojibu wote wamebaki la kwanza. Ama safisha orodha kwa kuwauliza walionyamaza kama bado wanataka kubaki, ama hamieni chombo chenye nafasi. Kundi la Telegram linabeba hadi watu 200,000. Kama lazima kundi la pili liwepo, litanguliwe na wakongwe wanaojibu waliokubali kwa hiari kuwa humo, ndipo mgeni wa kwanza aingie.

Tuseme umepima, umejaribu njia nyepesi, na bado kugawa kunaonekana ni sahihi. Swali linalofuata ni kukata wapi, na hapa majukwaa ya zamani yana mengi ya kufundisha. Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza mwaka 1980 kutokana na kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ulikua hadi majina ya makundi yake yakawa vurugu. Mwaka 1986 na 1987 yakapangwa upya katika matawi makuu saba: kompyuta, sayansi, burudani, jamii na mengineyo. Baadaye ukawepo utaratibu wa kufungua kundi jipya katika matawi hayo: pendekezo linajadiliwa hadharani, kisha kura inapigwa, na ili lipite kura za ndiyo zilipaswa kuzizidi za hapana kwa 100 na kufikia theluthi mbili ya zote. Watu waliuona kuwa urasimu. Lakini sharti la 100 lilikuwa na kazi yake: lilithibitisha kwamba kundi lina wasomaji kabla halijafunguliwa.

Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, ilifunguliwa 2008. Maswali ya kuendesha seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) na ya kompyuta za watu wa kawaida yalipoonekana si ya humo, hayakuachwa yatangetange wala hayakugawanywa mara kumi. Mwaka 2009 zilifunguliwa tovuti mbili tu, Server Fault na Super User. Mpasuko ulifuata aina ya watu: anayeandika programu, anayesimamia seva, anayetumia kompyuta. Kuanzia 2010 tovuti mpya za familia hiyo zilitakiwa kupitia hatua ambapo watu wanaahidi kwa majina kwamba watashiriki, na ahadi zisipotimia tovuti haikufunguliwa. Kwa kundi lenu dogo hamhitaji kura mia. Ila chukueni kiini chake. Sisi hatufungui tawi mpaka tupate majina matatu ya watu waliokubali kujibu humo na majina kumi na tano ya watakaojiunga siku ya kwanza. Majina yasipotimia, tumepata jibu bila gharama yoyote.

Kati ya namna za kukata, ile ya kutenganisha shughuli ndiyo salama kuliko zote. Matangazo ya kazi, kuuza na kununua, taarifa za wasimamizi: hayo yatoe bila woga, hayahitaji wajuzi na hakuna atakayeyalilia. Kukata kwa mada hufaa pale ambapo wasomaji wa mada moja kweli hawasomi nyingine. Kukata kwa eneo hufaa kama watu wanakutana ana kwa ana. Namna ya hatari, na ndiyo inayopendekezwa kila mara, ni kutenga wanaoanza na waliobobea. Inaonekana ya haki kwa pande zote mbili. Kinachotokea ni kwamba waliobobea wanajifungia, wanaoanza wanafundishana makosa, na baada ya miezi michache kundi la juu limekosa watu wapya kwa sababu ngazi ya kupandia imekatwa. Mtu hujifunza kwa kusikiliza mazungumzo asiyoyaelewa yote. Mwacheni asikilize.

Kuna jaribio la mpaka tunalolipenda kwa sababu linamaliza ubishi. Chukua meseji 50 za karibuni, ondoa majina, wape watu watatu kila mmoja peke yake, wapange kila meseji inakwenda tawi lipi. Wakitofautiana kwenye meseji tano, mpaka uko wazi. Wakitofautiana kwenye zaidi ya kumi, mpaka huo utawafanya wasimamizi kuwa askari wa barabarani kila siku. Katika kundi letu la wapiga picha, "kamera" na "kuhariri" hushindwa jaribio hili, maana swali la rangi ya njano linaweza kuwa la kamera na linaweza kuwa la kuhariri. "Kuuza vifaa" na "maswali" hulipita bila shida.

Tena, pawe na mahali pa mabaki. Usenet ilipogawa kundi, desturi ilikuwa kuacha tawi la mambo mchanganyiko, na wengi huliona kama jalala. Sivyo. Mazungumzo mazuri mengi hayana jina yanapoanza, na yakikosa pa kuanzia hayaanzi kabisa. Kundi mama libaki kuwa hilo tawi, lenye jina lake la zamani, picha yake na watu wake wote.

Fungua tawi moja kwa wakati. Hili tunalisisitiza kuliko yote katika hatua ya utekelezaji. Ukifungua manne kwa pamoja na mawili yakafa, hutajua yamekufa kwa sababu ya mpaka, majina, wasimamizi au uchovu wa watu. Ukifungua moja, ukalilea wiki sita, utajua.

Tangazo litoke wiki mbili kabla. Liseme tarehe, sababu yenye namba ulizopima ("maswali 31 kati ya 90 hayakujibiwa"), majina ya walezi wa tawi, kinachohama na kisichohama. Kisha ruhusu watu wapinge hadharani. Tawi lililopangwa chumbani na wasimamizi watatu huzaa tetesi za kundi la siri la wateule, na tetesi hizo hazifi hata ukifungua milango yote.

Watu waingie kwa kiungo, kwa hiari yao. Usimwingize mtu kwa nguvu: kwenye WhatsApp namba yake inaonekana na watu asiowajua, na simu inajaa milio asiyoiomba. Waambie pia wanaojiunga wazime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, kwa sababu kila kundi jipya linakula bando na nafasi ya simu. Jina la tawi lianze kwa neno lilelile la kundi mama ili mtu ayapate pamoja akitafuta, na picha iwe ileile kwa rangi tofauti.

Walezi wawe wawili angalau, wenye saa tofauti za kuwa macho. Kabla ya kufungua, waandae maswali kumi halisi yaliyokosa jibu kwenye kundi mama, wayaulize moja moja katika siku kumi za mwanzo, kwa ruhusa ya waliouliza. Wahamishe na majibu bora ya zamani. Kwa wanaotumia majukwaa ya tovuti kama phpBB, uzi, yaani swali pamoja na majibu yake yote, unaweza kuhamishwa mzima na kuacha alama pale ulipokuwa; acheni alama hiyo kwa muda, kwa sababu mtu anayerudi na kukuta uzi wake umetoweka hudhani ameadhibiwa.

Halafu inakuja wiki ya kwanza, na karibu kila kitu kinachoharibika huharibika hapo. Siku mbili za mwanzo kuna shamrashamra: karibu, asante, hongera. Siku ya nne kimya. Kimya hicho ni cha kawaida na hakimaanishi kushindwa. Shamrashamra zimeisha na mazoea bado hayajaanza. Mlezi anayejua hilo atauliza swali lake la nne kama alivyopanga. Asiyejua ataandika "mbona kimya humu?", na sentensi hiyo imeua makundi mengi, kwa sababu inamwambia kila aliyemo kwamba ameingia mahali patupu.

Wakati huohuo, kwenye kundi mama, watu wanaendelea kuuliza mambo yaliyohamishwa. Namna ya kuwaelekeza ndiyo inayoamua kama mgawanyo utapendwa au utachukiwa. Jibu la kukera ni "hapa si mahali pake, nenda kule." Linalofanya kazi ni kumjibu kwanza, kisha kumwonyesha: "Dada, weka mpangilio wa mwanga mweupe kwenye alama ya balbu, njano itapungua. Tumeendelea na hili kwenye tawi la maswali, kuna mifano ya picha, kiungo hiki hapa." Amepata alichotaka na ana sababu ya kwenda. Wenye ruhusa ya kuelekeza wawe wawili tu. Wakielekeza watu kumi, hata kwa upole, muulizaji anajisikia amezomewa. Fanyeni hivyo wiki tatu. Kuanzia ya nne, jibu linaweza kuwa fupi na kiungo, maana wengi wameshazoea.

Wapo watakaouliza swali moja sehemu zote mbili. Msiwagombeze wiki za mwanzo; wanapima wapi kuna uhai. Jibuni kwenye tawi, kisha kundi mama mwekeeni kiungo cha jibu.

Kuhusu wabebaji, waulizeni mapema na kwa faragha. Wengi wao hawasemi hapana hadharani. Watajiunga na kila tawi kwa kuona haya, watajibu kila mahali kwa wiki tatu, kisha watachoka na kuacha yote, pamoja na kundi mama. Mwambie mtu wa namna hiyo wazi: "Tunakuomba tawi moja tu, chagua mwenyewe, na hata usipochagua hakuna neno." Hiyo ni huruma, na pia ni hesabu. Kundi linaweza kuvumilia tawi lisilo na mbebaji. Haliwezi kuvumilia mbebaji aliyechoka.

Kazi ya usimamizi nayo haipungui kwa kugawa. Makundi manne yenye walezi wawili wawili yanahitaji watu wanane, kanuni zinazofanana, na orodha moja ya waliotolewa ambayo wote wanaiona. Mlezi mmoja akiruhusu matangazo na mwingine akikataza, matangazo yote yatahamia kwa anayeruhusu ndani ya siku chache, na lile tawi litageuka soko. Kama hamna watu wanane, hamna makundi manne, hata vipimo viseme nini.

Gharama ambayo wengi hawaitarajii ni huzuni ya wakongwe. Watasema kundi limepoa, na wasimamizi watawaonyesha namba zinazothibitisha kwamba maswali yanajibiwa haraka kuliko zamani. Wote wana haki. Kwenye kundi lililochanganyika mtu alikuwa anasoma mambo ambayo hakuyauliza: mpiga picha wa harusi alijifunza kuhusu taa kutoka kwa mpiga picha wa bidhaa, kwa bahati tu. Mgawanyo unaondoa bahati hiyo, na hakuna kipimo chochote kati ya tulivyovitaja kinachoiona. Dawa yake, japo si kamili, ni muhtasari wa kila wiki. Mlezi wa tawi anaandika kwenye kundi mama mistari mitano, isizidi: swali zuri moja, jibu moja lililoshangaza, picha moja, jambo moja ambalo bado halina jibu, kiungo. Huo mstari wa jambo lisilo na jibu huleta watu kuliko mingine yote, kwa sababu mjuzi hawezi kuliona akalipita.

Mgawanyo unaotokana na ugomvi ni habari nyingine. Pande mbili zikigombana, kuwapa vyumba viwili kunaonekana kuwa amani, lakini ugomvi hufuata watu; picha za skrini zitavuka kutoka chumba hiki kwenda kile ndani ya saa moja. Shughulikieni kanuni na wavunjaji wake kwanza. Wakiamua wenyewe kwenda kuanzisha lao, waagwe kwa heshima, kiungo chao kiwekwe hadharani kwa atakaye, na asiulizwe mtu yeyote yuko upande gani.

Siku ya 30 pima tena vilevile vinne, kwenye tawi na kwenye kundi mama. Usihesabu wanachama, maana watu hujiunga, wakazima sauti, wasirudi tena. Angalia waandishi tofauti, muda wa jibu la kwanza, na maswali yasiyojibiwa. Kundi mama likiwa limeboreka na tawi linajitegemea, subiri hadi siku ya 90 kabla ya kufungua lingine. Tawi likiwa na waandishi tofauti chini ya watano kwa wiki mbili mfululizo, au mlezi akiwa ndiye anayejibu karibu kila swali, lirudishwe nyumbani.

Kulirudisha kuna utaratibu wake, na kukifanywa vizuri watu hawaogopi jaribio linalofuata. Toa taarifa ya siku saba. Kusanya majibu bora, uyaweke kwenye faili moja litakalobandikwa kundi mama. Usilifute tawi, libadilishe ili wasimamizi tu ndio waweze kuandika, viungo vya zamani visivunjike na mtu aendelee kutafuta humo. Washukuru walezi kwa majina, kwenye kundi mama, mbele ya wote. Siku ya nane asubuhi, chukua swali ambalo lilikuwa bado wazi kule, uliulize kundi mama kwa jina la aliyeliuliza, saa ambayo mjuzi wake anajulikana kuwa macho.